Jiwe la Mkono wa Kushoto

Tarehe kumi na nne Septemba, mwaka juzi, tuligundua kwamba tumepoteza kaburi la mama. Nasema kaburi. Mama mwenyewe tulimpoteza zamani, mimi nikiwa sijaanza shule na mdogo wangu Masanja akiwa bado anabebwa mgongoni.

Haya ninayoyaandika yalitokea. Kutunga sijui. Niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni kuuza mchele hapa Kalangalala, mjini Geita. Sinywi pombe, na siku ile sikuwa na homa. Wala haukuwa usiku, kama watu wanavyopenda kusimulia mambo ya namna hii. Lilikuwa jua la utosini, kivuli changu kimejikunja chini ya miguu. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, hatutagombana.

Kwetu ni upande wa Bulyanhulu. Baada ya msiba wa mama, baba alihamisha kaya yote, na pale tulipozaliwa pakabaki mahame: minyaa iliyoota bila mpangilio, vichuguu, bapa la jiwe pale palipokuwa jikoni, na makaburi ya wanawake wa ukoo. Mwaka ule kikundi cha wachimbaji wadogo kilielewana na kijiji kikapewa eneo lile. Hawakutufanyia ubaya. Walituita, wakatuambia kwa heshima tuhamishe watu wetu kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu tingatinga lingekuja kuondoa udongo wa juu. Kitakachotoka chini yake kitabebwa kwenda kwenye karasha, ile mashine inayosaga mwamba mpaka uwe unga, ndipo dhahabu itafutwe.

Baba mdogo Luhende, mdogo wake baba na mzee pekee aliyebaki, alituambia neno ambalo sijalisahau.

"Tusipomtoa, atasagwa. Karasha halichagui, huu mfupa, huu mwamba."

Sasa lazima nieleze habari ya mawe, maana bila hiyo hutaelewa.

Enzi zile, kabla ya mashine za kusaga, kila mwanamke alisaga unga wake juu ya bapa la jiwe kubwa, akisukuma jiwe dogo kwa mikono. Bapa lilikuwa la nyumba. Jiwe dogo lilikuwa la mwanamke mwenyewe. Bibi alitusimulia kwamba wakati wa njaa watu walihama na kuacha kila kitu, mabapa, mitungi, hata milango, lakini mwanamke hakuacha jiwe lake dogo. Alilifunga mgongoni kama mtoto. Bapa utalipata popote penye mwamba, alisema bibi, lakini jiwe lililozoea kiganja chako, utalipata wapi? Jiwe la mwenzako linakuchubua. Miaka inapopita linalika kwa kufuata mkono, linapata shimo la dole gumba, linainama upande ule unaosukuma zaidi. Ukiwapa wanawake wa kijiji kizima mawe yao gizani, kila mmoja atalijua la kwake.

Kwa hiyo mwanamke akifa, jiwe lake liliwekwa juu ya kaburi, upande wa kichwa. Msalaba haukuwepo, wala jina. Jiwe ndilo lilikuwa jina. Bibi alisema pia liliwekwa pale ili asirudi kulitafuta. Tulimcheka.

Mama alitumia mkono wa kushoto. Kwa kula walimkataza, kwa kusaga hawakuweza. Jiwe lake liliinama kushoto, na baba mdogo Luhende alisema hakuna mwanamke mwingine pale nyumbani aliyeweza kulitumia.

Basi tulipokwenda na majembe siku ile, makaburi mengine tuliyapata asubuhi. Hili jiwe la bibi, hili la shangazi, mzee aliyapapasa moja moja na kutuambia. La mama halikuwepo. Tulifyeka, tukapekua chini ya minyaa, tukachimba mahali pawili tukakuta udongo mtupu. Nyasi zilikuwa zimefunika kila kitu na mvua za miaka mingi zimesawazisha ardhi. Mzee Luhende alisimama katikati ya mahame akizungukazunguka kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilimbeba mimi. Lakini nyumba ilikuwa huku au huku?"

Mchana wakaenda kula kwa Masanja, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya korongo, si mbali. Mimi nilisema nitawafuata. Sikuwa na njaa. Mama yangu sina hata picha yake. Uso wake siukumbuki, nakumbuka mgongo wake tu, ukienda mbele na kurudi. Nilikaa chini ya mgunga nikawaza kwamba Jumatatu hata huo mgongo utaondoka.

Ndipo niliposikia sauti ya kusaga.

Unaijua sauti ile? Vijana hamuijui. Inakwaruza ikienda, inanyamaza kidogo, inakwaruza ikirudi. Nikafikiri ni wale akina mama wanaoponda mawe ya wachimbaji. Nikainuka nikazunguka minyaa.

Kwenye bapa la jikoni alipiga magoti msichana mmoja, amenipa mgongo. Kanga moja kiunoni, nyingine kifuani, kichwa kimenyolewa. Nilimkadiria rika la mwanangu wa pili.

"Mwadila," akasema bila kugeuka. Ndiyo salamu yetu ya mchana.

"Mwadila mhola," nikajibu, nikangoja shikamoo yangu. Haikuja.

"Kaa kivulini, mwanangu. Jua kali."

Mwanangu. Nywele zangu zina mvi, naye ananiita mwanangu. Nikajisemea, hawa wa machimboni hawana adabu. Lakini sikumgombeza. Siku ya makaburi huwezi kugombana na mtu.

"Binti, hapa patachimbwa Jumatatu. Hukuambiwa?"

"Nimesikia. Ndiyo maana nasaga. Nipate chakula cha njiani."

"Unaenda wapi?"

"Mnakonipeleka."

Nikadhani ananitania. Nikasogea. Unga wa uwele ulikuwa ukimwagika ukingoni mwa bapa, mweusimweusi, na mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa ukisukuma, wa kulia umewekwa juu kuusaidia. Alipoinua kiganja kujifuta jasho, niliona hakushika kitu. Alikuwa anasaga kwa mkono mtupu. Na sauti ilikuwa ya jiwe juu ya jiwe.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nami nimejiuliza. Sijui. Jambo likiwa mbele yako mchana kweupe, akili inalitafutia mahali pa kulikalisha. Nilifikiri ana kajiwe kadogo kameanguka. Nikamuuliza, "Jiwe lako la juu liko wapi?"

"Alilichukua Masanja. Mwambie sijakasirika, alikuwa hajui. Ila anirudishie. Mkono unaniuma."

"Masanja yupi?"

"Kwani wewe una akina Masanja wangapi?"

Hapo nikadhani nimeelewa. Masanja ana mke mmoja wa ndoa na simu mbili. Nikasema kimoyomoyo, kumbe ndiyo hivi, mwanaume mtu mzima anamnyang'anya msichana hata jiwe la kusagia. Nikamuuliza anakaa wapi, ili nikamseme Masanja vizuri.

Akaelekeza kwa midomo, upande wa minyaa. "Pale penye kichuguu kilichogawanyika. Walinipa mahali penye kivuli."

Nikatazama kichuguu. Nilipogeuza macho, bapa lilikuwa tupu. Sikusikia nyasi, sikusikia miguu. Nikasema labda ameruka korongo, wasichana wana mbio. Nikapitisha kidole ukingoni mwa bapa. Kilitoka na unga. Nikauonja, kwa mazoea tu, kama mpishi anavyoonja. Uwele, wenye chenga za jiwe.

Nikaenda kwa Masanja. Nilivuka mlango wa jikoni, uliokuwa umezuiliwa na jiwe usijifunge, nikawakuta wanakula. Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa anapakua.

"Masanja," nikasema, "yule binti wako wa mahame anataka jiwe lake."

Mama Kulwa akaweka mwiko chini. "Binti gani?"

"Dada," Masanja akasema, "unanichongea nini mbele ya ugali?"

"Sikuchongei. Anasema hana hasira, umrudishie tu. Mkono unamuuma, anasaga kwa kiganja."

"Nani anasaga siku hizi? Kuna mashine hapo sokoni. Mtu gani huyo asiyejua mashine?"

Mama Kulwa alikuwa ameanza kucheka kile kicheko kisicho kizuri. "Endelea kumuuliza, baba. Labda utamkumbuka jina."

Baba mdogo Luhende alinawa mkono taratibu, ugali haujaisha sahanini.

"Alikuwa anasukuma kwa mkono upi?" akaniuliza.

"Wa kushoto."

Niliposema kushoto ndipo nami nikajisikia nimesema nini. Masanja akageuka akatazama mlango. Wote tukatazama mlango.

Jiwe lile Masanja alilichukua alipokuwa kijana, anaanza kuchimba. Alilikuta kwenye mahame likiwa laini, bapa upande mmoja, akaona linafaa kusagia vipande vya mwamba ili aone kama kuna dhahabu. Baba hakuwa amemwonyesha makaburi, na angejulia kwa nani? Alilitumia, akachoka, maana lilikuwa linamteleza. Likabaki nyumbani. Mama Kulwa alilivunjia karanga, watoto walilipanda, mwisho likazuia mlango. Mimi mwenyewe nimeliruka mara nyingi nikija kusalimia.

Mzee Luhende akaliinua. Akalijaribu kwa mkono wa kulia, likamkataa. Akalihamishia kushoto, dole gumba likaingia mahali pake.

"Ni yeye," akasema.

Tukaenda pale alipoelekeza: kichuguu kilichogawanyika, ubavuni mwa minyaa. Hatukuchimba sana. Mzee alikuwa amekwisha kutuambia cha kutafuta. Mama alizikwa na bangili zake za shaba, na alizivaa mkono wa kulia peke yake, kwa sababu zilimsumbua akisaga. Tulizikuta mkono wa kulia. Masanja alishuka yeye mwenyewe ndani ya shimo, hakutaka mtu mwingine amguse. Tulimkusanya kwenye shuka jipya. Jumatatu tingatinga lilipokuja, mahame hayakuwa na mtu.

Nilirudi kwenye bapa kabla hatujaondoka. Palikuwa na upepo, unga haukuwepo. Siwezi kusema upepo uliupeperusha au haukuwahi kuwepo. Nasema tu niliuonja.

Tangu hapo ugali wa mashine naula lakini siisikii ladha yake. Ninatafuta zile chenga. Na nimepata tabia nyingine ambayo watoto wangu hawaipendi: nikiingia nyumba ya mtu, natazama kwanza kilichozuia mlango. Mawe yale yapo mengi mjini. Watu wanayaokota kwenye mahame wakienda kutafuta kiwanja au dhahabu, wanayaona mazuri, wanayaleta nyumbani. Yanakalia mifuniko ya mapipa, yananoa visu, yanazuia magurudumu ya bajaji. Mwaka jana niliona moja kwenye duka la dawa, limepakwa rangi nyeupe, limezuia mlango. Nikamuuliza dada wa pale limetoka wapi. Akasema, "Mama, hilo ni jiwe tu."

Si jiwe tu. Kama unalo, lenye ubapa upande mmoja na kishimo cha dole gumba, uliza lilitoka wapi, na kama mtu wa kuuliza bado yupo, uliza leo. Lijaribu kwenye kiganja chako. Likikukataa, ujue lina mwenyewe, na anapolala hapana alama.

Mama tulimzika upya kwenye makaburi ya kijiji, karibu na bibi. Mzee Luhende aliliweka jiwe upande wa kichwa, Masanja akalijengea kwa saruji lisibebwe tena. Watu wakasali, wakaondoka. Mimi nikabaki, kwa sababu kuna jambo lilikuwa linanisumbua tangu mchana ule. Nilikuwa nimekaa kusubiri salamu kwa mtu ambaye mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia.

Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa kilugha chetu.

Nikasubiri kidogo, kama mtu anavyosubiri kuitikiwa. Masanja, kule barabarani kwenye pikipiki, akapiga honi.