Kilio Alichokisahihisha Mwalimu Mujibu

Mwalimu Mujibu wa Newala ana ugonjwa mmoja usio na dawa: anasoma. Haya, kusoma si kosa, lakini yeye anasoma kupita kipimo. Chai inachemka inamwagika, anasoma. Mkewe Shamsia akimtuma karanga sokoni, anarudi akisoma karatasi zilimofungiwa, na karanga zenyewe ameshazimwaga njiani. Kuku wa jirani wanamjua. Wanakula miguuni pake bila wasiwasi wowote.

Kazi yake ni kufundisha taaluma ya filamu chuoni, huko Dar es Salaam. Ukimuuliza mtu wa hapa atakwambia, "Anafundisha watu kutazama video," halafu acheke, maana nani tena asiyejua kutazama video? Mwaka huu chuo kilimpa likizo aandike kitabu, naye akaja kukiandikia nyumbani, huku juu kwenye ukungu na baridi ya asubuhi. Vitabu vyake vinakuja kwa basi mpaka Masasi. Anateremka kuvichukua, anapanda navyo, anavifungia kwenye ndoo kubwa za plastiki kwa sababu ya mchwa. Na sikiliza hili: kwa kila filamu anayoitazama, anasoma kwanza vitabu vinavyoeleza itazamwe vipi. Penseli haimtoki sikioni. Anasahihisha kila kitu. Tangazo la msiba lililobandikwa ukutani, jamani, mpaka hilo aliwahi kulisahihisha.

Jirani yake ni Bibiana, Mama Dorika, muuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, pale stendi. Vijana wa Newala walipojikusanya kutengeneza filamu yao ya kwanza, walimwomba awe mama aliyefiwa na mwanawe. Akakubali. Alipiga magoti, akapiga ardhi kwa viganja, akaita "Mwanangu weee!" hivi kwamba siku ya kuionyesha, wanawake ukumbini walijifuta machozi kwa ncha za khanga. Mujibu naye alikuwepo, na penseli yake.

Redio moja ya Masasi ikamwalika aichambue. Sasa Mujibu siku hizo alikuwa ametoka kumaliza kitabu kinene cha ughaibuni, kinachosema kwamba katika filamu uchungu wa kweli ni ukimya. Basi kitabu chote akakimwaga hewani. "Kilio cha yule mama ni cha kununua," alisema kwa sauti yake ya darasani. "Mama mwenye uchungu wa kweli halii hivyo. Hukauka."

Loo, neno lile lilikimbia kuliko bodaboda! Bibiana akifika stendi, makonda wanamuuliza, "Mama Dorika, leo umekauka?" Mteja akipunguziwa ming'oko analalamika kwamba huruma yake nayo ni ya kununua. Bibiana alicheka nao, maana ukinuna ndiyo unawapa kuni. Shamsia alimwambia mumewe waziwazi, "Baba Shakila, umemgeuza mwenzako mzaha wa mji." Mujibu akajibu, macho yakiwa kitabuni, kwamba uhakiki hauangalii uso wa mtu.

Hazikupita siku nyingi, Silvano, mume wa Bibiana, akaanguka akisafisha chini ya mikorosho yake. Hakuinuka tena.

Ndugu zake, Wamakua wa Lulindi, walifika kwa lori. Mujibu alikaa upande wa wanaume, simu mkononi, na ndani ya simu kitabu. Ndiyo, msibani! Watani nao wakaingia kazini kama ilivyo desturi. Mtani wa ukoo ule, Salmini, Mmakonde wa hapahapa Newala, alivaa koti la marehemu, akatembea kwa mwendo wa marehemu, akadai chakula kwa ukali wa marehemu. Watu walicheka huku wakifuta machozi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na wala hakasirikiwi.

Jeneza lilipokuwa linatolewa ndani, Bibiana alifungua kinywa ili alie. Salmini akachomoa kalamu, akaichomeka sikioni, akakaza sauti ya redioni: "Acha, acha! Kilio cha kununua hicho! Mama mwenye uchungu hukauka!"

Ua mzima ukacheka. Na Mujibu akacheka. Tusimfiche: alicheka kuliko wote, akampiga aliyekaa naye begani, kwa furaha kwamba kumbe redio inasikilizwa na yeye ni mtu wa kuigizwa. Alipotulia alimwona Bibiana amefumba kinywa. Hakukifungua tena, si njiani wala makaburini. Mujibu aliliona hilo, akarudi kwenye simu yake.

Salmini alisahau, maana utani huishia palepale. Mashemeji hawakusahau. Maneno yalianza kwenye foleni ya maji: mke gani hamlilii mumewe? Alikuwa amemchoka huyo. Mwingine akaongeza lake, kwamba labda alijua kinachokuja. Mwisho Sultani, kaka wa marehemu, akatuma neno kutoka Lulindi: siku ya kuondoa matanga watakuja na jambo. Nyumba ni ya ndugu yao, na mwanamke asiye na chozi la mumewe hawezi kuendelea kulala humo.

Shamsia ndiye aliyelileta nyumbani. Alilisema akiwa amesimama, ndoo ya maji bado kichwani, na Mujibu akaacha kusoma. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, Shamsia alimwona mumewe anafunga kitabu bila kuweka alama.

"Mimi ndiye niliyemziba kinywa," alisema.

"Ndiyo," Shamsia akajibu. "Ni wewe." Hakumpunguzia hata kidogo.

Tangu hapo hatia ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alijaribu kusoma, akawa anarudia mstari mmoja kutwa nzima. Alikitafuta kile kitabu kinene, akauona ule ukurasa, akauona na mstari aliopiga yeye mwenyewe kwa penseli chini ya neno "ukimya". Aliona aibu, aibu ya kweli. Mwandishi wa kitabu hakuwahi kukanyaga Newala. Yeye Mujibu amezaliwa hapa, amelelewa katika vilio vya hapa, naye hana cha kujitetea. Alimkumbuka hata mama yake mzazi, jinsi alivyopiga ardhi siku walipomzika babu. Angemwambia naye kwamba amekosea?

Akaenda. "Hodi, Mama Dorika. Shikamoo."

"Marahaba, Baba Shakila. Karibu." Alimsogezea kigoda, akaendelea kuosha ming'oko.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikosea redioni."

"Wale vijana waliniambia nilie ninavyojua," Bibiana alisema, bila hasira. "Nikalia nilivyomlilia mama yangu. Kulia kwingine sikufundishwa. Wewe ukasema huko si kulia. Siku ya Silvano nikafungua kinywa, nikaona watu wananitazama wapime kama nalia vizuri au vibaya. Nikashindwa, mwanangu. Kilio kikarudi tumboni, na mpaka leo kiko huko."

Mujibu machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja. Bibiana alimtazama, wala hakumdhihaki, ingawa siku ile alikuwa na haki.

"Nitasema mbele ya Sultani," Mujibu akaapa. "Kila mtu asikie kosa ni langu."

"Usiseme, Baba Shakila. Nakuomba. Maneno yako yametosha."

Mtu mwingine angesikia. Lakini huyu alikuwa amebeba mzigo na alitaka kuutua, tena autue mbele ya watu, na alishajishawishi kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya Bibiana.

Siku ya kuondoa matanga ilifika. Watu wakala, wakashiba, mikeka ikapangwa, na Sultani alipokohoa ili aanze jambo lake, Mujibu akasimama. Alisema vizuri, hakuna atakayebisha. Alieleza kitabu, akaeleza redio, akaeleza mzaha wa stendi na kicheko cha msibani, akasema ukimya wa mama huyu ni kosa lake yeye na si la mama. Wanawake walitikisa vichwa. Salmini aliinamisha chake. Mujibu alipoketi, ule mwiba ulikuwa umetoka, na akapumua.

Sultani hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kidogo, akasema, "Ahsante, mwalimu. Kumbe shemeji yetu alizuiwa, sisi hatukujua. Basi yameisha." Akamgeukia Bibiana kwa upole kabisa. "Mama Dorika, mwalimu ameliondoa neno lake. Mlilie ndugu yetu sasa, nasi tusikie, mioyo ipoe. Nyumba itabaki yako."

Watu wote waligeuka kumtazama Bibiana. Waliokuwa nyuma wakasimama. Mujibu naye akageuka, akasogeza kiti chake kidogo pembeni apate kumwona usoni, akangoja.

Bibiana aliwapita wote kwa macho, Sultani na ndugu zake, akatua kwa Mujibu.

"Na wewe unangoja, Baba Shakila?"

Ilikuwa kweli. Alikuwa anangoja.

Bibiana akainuka, akaingia ndani, akatoka na furushi la nguo na sufuria yake ya ming'oko. Ufunguo aliuweka mkekani mbele ya Sultani. "Kwenye sheria ningeshinda," alisema. "Lakini nyumba ya kulipiwa kwa kilio siitaki. Naenda Chiwata kwa mwanangu Dorika."

Shamsia alitoka upande wa wanawake, akajitwisha furushi. Mujibu akainuka haraka aipokee ile sufuria.

"Wewe kaa," Shamsia alimwambia mbele ya watu wote. "Endelea kutazama."

Akakaa.