Mama wa Kabungu na Dole Gumba

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya hospitali hapa Mpanda, ambako madaktari wageni wanaandikisha wagonjwa wa kifafa wa kufanyiwa utafiti. Mama mmoja wa kijiji cha Kabungu, mwenye kovu la moto mkononi, alikuja na kaka yake.

"Dada, turudi," kaka alimnong'oneza. "Ukiandikwa hapo watu watajua."

"Walishajua siku niliyoangukia motoni."

Daktari akamweleza kuwa huenda yeye asipone, na kwamba anaruhusiwa kuacha siku yoyote.

"Nimeelewa, daktari. Lakini binti yangu naye ameanza kuanguka." Akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza karatasini.

Mimi msomi, niliyekuwa nimejitenga naye hatua mbili nisiambukizwe kifafa, nilirudi mahali pangu nimeinamisha kichwa.