Nilivyopuliza Taa za Harusi

Mashine niliiunda mwenyewe, kwa hivyo aibu pia ni yangu. Ni feni iliyofungwa kwenye mtungi. Ukifungua koki inarusha maji kama ukungu, ukiifunga inatoa upepo mtupu. Asubuhi nilikuwa nimeitumia kupulizia sukuma wiki maji ya pilipili ya kuua wadudu, na njiani kwenda harusi ya Shianda nikajisifu hivyo kwa Mama Nekesa, mwenye kukodisha taa, aliyeniajiri nizipoze.

Taa zilipochemka akaninong'oneza, "Fundi, puliza hizo taa."

Sisi wa shamba ukituambia tupulize, mkono unaendanga wenyewe kwa koki. Nikafungua.

Bibi harusi akaanza kutokwa na machozi, shangazi zake wakafuata. Emsii akatangaza, "Mnaona mapenzi ya kweli?" Watu wakapiga makofi, nami nikaongeza upepo. Kisha bwana harusi akapiga chafya, na emsii akakohoa mpaka maikrofoni ikamwanguka.

Mama Nekesa akaiokota, akanusa hewa, akanitazama.

"Fundi," akasema, na harusi nzima ikasikia, "nilitaka upepo. Hawa ni wageni, si sukuma wiki."