Gia Ndani ya Mtungi wa Mjomba

"Chuma kikigandishwa sana, kinapata nguvu ama kinavunjika kama biskuti?"

Kaka yangu aliniuliza hivyo akiwa amelala chini ya gari lake, miguu tu ikionekana. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kemia na kurudi nyumbani, karibu na Khayega, bila kazi. Mvua ilikuwa haijapumzika. Nilimwambia inategemea.

Akacheka huko chini. "Miaka yote hiyo chuo kikuu, jibu ni inategemea."

Kweli sikujua.

Gari lile lilikuwa la maziwa. Kila alfajiri alizunguka kwa wafugaji wa upande wetu, huyu ana ng'ombe mmoja, yule wawili, akajaza madebe na kuyafikisha Kakamega mjini kabla maziwa hayajachacha. Kwa sababu ya milima na matope alikuwa ametia injini kubwa kuliko ile gari lililokuja nayo. Injini ikawa na nguvu, giaboksi ikabaki ile ile. Meno ya gia yalikuwa yameshang'oka mara mbili, na mara zote mbili maziwa yaliharibikia njiani. Mwenye duka aliyeyanunua mjini alimwambia waziwazi kwamba ikitokea tena, njia hiyo atampa mtu mwingine. Kaka hakuwa na kazi nyingine, na nyumba yetu haikuwa na mshahara mwingine.

Ndipo akaona kwenye simu kwamba wenye magari ya mashindano huko ng'ambo hugandisha gia zao kwa nitrojeni ya maji, gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, baridi ambayo barafu ni moto mbele yake, ili zihimili injini kali.

"Nani alizipima?" nikauliza. "Kabla na baada. Nani?"

"Wewe hata chai unaiulizanga maswali."

"Gandisha nusu, nusu uache. Tuone zipi zitavunjika kwanza."

"Nipande mlima na nusu ya gia? Mama, kuja usikie msomi wako!"

"Mwache," mama akajibu kutoka jikoni. "Huyo alianza kuuliza nikiwa bado nimembeba mgongoni."

Nitrojeni haikuwa mbali. Mjomba, mdogo wake mama, kazi yake ilikuwa kuwapa ng'ombe mimba bila dume. Mbegu za madume ya maziwa alizihifadhi kwenye mirija myembamba, ndani ya mtungi wenye nitrojeni hiyo hiyo, na akiitwa alikuja kwa pikipiki. Watu walimwita daktari. Ng'ombe wengi waliojaza madebe ya kaka walikuwa wamezaa kwa mkono wake.

Kwetu mjomba hamnyimi mtoto wa dada yake. Omwiwa akija na ombi, hata kuku wa mwisho hukamatwa. Kaka alilijua hilo vizuri.

"Khotsa," alimwambia mjomba, kwa upole ambao sisi wa nyumbani hatukuwahi kuusikia, "nipatie kidogo tu."

Mjomba alizamisha kijiti cha kupimia mtungini, akakitoa, akaangalia ukungu mweupe ulipofikia. "Sasa omwiwa akiomba nitasema nini? Ndio uje kunisema kwa mazishi yangu, eti nilikunyima gesi?" Akacheka. "Gari la kujaza linakuja Ijumaa. Ikibaki kina cha kiganja mtungini, inatosha."

Tulifanyia kazi hiyo uani. Kaka alizining'iniza gia kwa waya juu ya ndoo ya nitrojeni ili zipoe polepole, kisha akazishusha ndani. Zilichemka kama viazi, na moshi mzito ukatambaa chini hadi kuku wakakimbia. Baadaye alizipasha moto kwenye sufuria ya mama ya kuokea mkate, makaa chini na juu, kama alivyoona kwenye simu. Mama alisema sufuria hiyo hatapikia mtu tena.

Ijumaa, gari la kujaza mitungi halikuja. Lilikuja wiki iliyofuata. Mjomba alifungua mtungi wake, nitrojeni ikiwa karibu kuisha, moshi mwembamba ukatoka. Akavuta mrija mmoja kwa koleo: ulikuwa mgumu kama sindano, umeganda sawasawa. Akamshukuru Mungu, akajaziwa, akaendelea na kazi.

Gia za kaka hazikuvunjika. Alipanda milima na madebe yamejaa, akinipigia honi kila akipita, makusudi.

Lakini ng'ombe wakaanza kurudi joto, yaani kutaka dume tena, mimba haikushika. Kwanza wa jirani, kisha wa mama mmoja mjane, kisha karibu wote waliohudumiwa msimu ule. Mjomba alirudia bila malipo, na wakarudi tena.

"Daktari, mkono umepoa?" mjane alimwuliza, nikiwa nimesimama pale.

"Mkono ni ule ule, mama."

"Basi unatuwekea maji."

Mjomba alicheka, lakini hakuna mwingine aliyecheka. Simu za kumwita zikapungua, zikakoma. Wengine walitafuta dume la jirani, wengine walingoja tu. Ng'ombe asiyezaa maziwa yake hukatika, na mwaka uliofuata madebe ya kaka yalirudi mepesi, halafu matupu. Njia hakunyang'anywa. Haikuwa na kitu cha kubeba.

Kabla ya kuuza giaboksi, kaka aliifungua akanionyesha. Meno yote yalikuwa mazima, yanang'aa.

"Umeona?" alisema.

Niliona. Lakini mzigo wenyewe ulikuwa umepungua kwa miezi, na hata leo siwezi kusema ni baridi iliyoyalinda. Sikumwambia hivyo. Akafuta mafuta mikononi na kwenda kulala, na jua lilikuwa bado juu.

Mjomba sasa hukata miwa kwa vibarua upande wa Mumias. Mtungi uko kwa mama, juu ya magunia. Hakuwahi kumlaumu yeyote. Alisema tu kwamba mkono wa mtu unaweza kuisha.

Baadaye sana nilipata kazi kwenye maabara inayohifadhi mbegu kama zile. Mwenzangu aliniona nimeinua mrija juu kidogo, kwenye shingo ya mtungi, akanifokea niushushe haraka. Mbegu haingoji kuyeyuka ndipo ife. Ikipata joto kidogo tu, ikiwa bado imeganda, bado ngumu kama sindano, inakufa, na kwa macho haina tofauti yoyote na iliyo hai.