Fuawe Lililotoa Moshi

Nilipoolewa na Kipkemoi, mama yangu alilia kama anayezika mtu. Si kwamba Kipkemoi alikuwa mlevi au mvivu. Alikuwa mhunzi, na kwetu Kipsigis mhunzi haogopwi kwa sababu ya mikono yake, anaogopwa kwa sababu ya mdomo. Wazee walisema fuawe lake, lile pande la chuma analofulia majembe, likigongwa likiwa baridi, bila kitu juu yake, na maneno yakatamkwa, basi mwenye kosa hamalizi mvua za msimu ule. "Utalala vipi na mtu kama huyo?" mama aliniuliza. Nikamwambia nitalala vizuri tu, na tena anaimba besi kwenye kwaya.

Laiti wangejua jinsi mume wangu alivyo mwoga! Anaogopa mbwa, anaogopa sindano, anaogopa kuona kuku akichinjwa. Kisu anakitengeneza yeye, kuku namchinja mimi.

Senta yetu iko juu ya Kimulot, na msitu wa Mau unaanzia pale nyuma ya vyoo vya soko. Hakuna ziwa wala bahari, maji yetu ni ya mvua, na hiyo haikosi. Lakini dereva mmoja wa lori kutoka Mombasa aliona mianzi ikishushwa kutoka msituni, majani chai yakipakiwa, na watu wa Bomet na Chebunyo wakija na ng'ombe na kurudi na majembe, akasema hii nayo ni bandari. Jina likatukaa. Mpaka leo ukiuliza njia ya Bandari utaonyeshwa kwetu.

Mwaka ule wa tisini na sita Bandari haikutawaliwa na chifu. Chifu tulimwona siku ya baraza, akishuka na kofia yake na kupanda tena. Waliotawala ni vyama vya mafundi. Wahunzi walishika ufunguo wa geti la soko, kwa sababu komeo walilitengeneza wao. Wasusi, wanaosuka vikapu vya mianzi vya kuchumia chai, waligawa nafasi za kuuzia. Mafundi wa cherehani, wengi wao watu wa Murang'a na Kiambu waliokaa hapa tangu zamani, walisikiliza kesi, maana veranda yao ndiyo pekee haikuvuja. Na vyama hivi vilipendana kama wake wenza. Mwaka mmoja wahunzi walikosana na cherehani, na hakuna fundi aliyekubali kutushonea. Nelvine wangu alienda shule na sketi iliyofungwa kwa waya. Nao wakabaki na mikasi butu isiyokata hata uji, mpaka wakaja wenyewe kuomba amani.

Tungeendelea hivyo, tukitukanana na kupatana, kama cherehani wasingeanza kushona mifuko ya nailoni ya kuchumia chai. Ilikuwa myepesi, na wachumaji waliipenda. Kipruto, mwenyekiti wa wasusi, aliapa hadharani kwamba mtu hawezi kuchuma chai na gunia kama mwizi wa viazi. Basi banda la wasusi lilipoungua, likiwa limejaa vikapu vya msimu mzima, hakuna aliyeuliza ni nani. Wote waligeuka wakatazama veranda ya cherehani.

Kufikia jioni wasusi walikuwa na mapanga mikononi. Wengine walianza kusema watu wa cherehani warudi kwao. Nilipoyasikia maneno hayo niliwaingiza watoto ndani. Miaka minne nyuma tulikuwa tumeona maneno kama hayo yanaishia wapi, na nyumba za ng'ambo ya bonde bado zilikuwa kuta bila mapaa.

Njuguna, mwenyekiti wa cherehani, alipanda juu ya benchi. "Sisi hatujachoma kitu. Mnataka kujua ni nani? Wacha Kipkemoi agonge ile fuawe yake baridi. Chuma haijui huyu ni Mkikuyu ama huyu ni Mkipsigis."

Kipruto akafikiri kidogo, akasema sawa. Jumamosi, siku ya soko. Na Kipkemoi akikataa, tutajua ni wahunzi.

Mume wangu alirudi nyumbani uso umempauka kama majivu. Kabla hajakaa, mlango ukasukumwa, akaingia Chemutai, dada yake wanaofuatana. Chemutai alikuwa msusi, tena msusi hodari kuliko wote. Aliketi chini pale jikoni akashika kichwa.

"Ni mimi," akasema.

Hakuhitaji kueleza mengi. Fito za mianzi zina nyuzi kali zinazokata vidole vya mchumaji, kwa hivyo wasusi huzibabua juu ya makaa kabla ya kusuka. Siku ile kuni zake zilikuwa mbichi. Alikuja kwa kaka yake, naye akamtilia makaa kwenye kigae cha chungu, kama alivyofanya mara nyingi. Upepo ukavuma. Kaa moja likaanguka kwenye maganda makavu ya mianzi, na alipoliona lilikuwa limeshakuwa moto wa kimo chake.

"Si useme tu ni ajali," nikamwambia.

"Nikisema, wataniuliza makaa ni ya nani. Mama Nelvine, si unajua sheria ya soko? Chama ikichoma mali ya chama ingine inafukuzwa yote. Watakuja hapa usiku na hawa watoto wako ndani." Akamgeukia kaka yake. "Wewe gonga tu. Usiniangalie."

Alipoondoka, Kipkemoi alilia. Sijaona mwanamume akilia vile, bila sauti, kamasi zikimtiririka. Alikuwa akiogopa mambo mawili. Angegonga, angemuua dada yake. Na tena, nani aliuwasha moto ule? Makaa yalitoka mkononi mwake, kwa hivyo laana ingeweza kumpata yeye.

Wazo lilimjia yeye, si mimi. Fuawe la kuapiza lazima lilale baridi usiku kucha. Likiwa moto ni la kazi, halisikii neno. Basi Jumamosi kabla ya mapambazuko aliwasha makaa, mimi nikavuta mivukuto, naye akafua mapanga juu ya fuawe lile moja baada ya jingine, na katikati akalirundikia makaa mekundu, mpaka likawa moto kama kikaango. Niliponyoosha mkono kulipaka majivu lisijulikane, kidole kiliungua mpaka ngozi ikabanduka. Chemutai hatukumwambia. Uso wake haukujua kuficha, na siku ile macho yote yangekuwa yakitafuta uso usioogopa. Tulisema tutamwambia jioni.

Watu walijaa mpaka barabarani. Fuawe liko juu ya gogo mbele ya banda letu, na hakuna anayeruhusiwa kulikaribia ila mhunzi, kwa hivyo joto lake hakuna aliyelisikia. Hata pasta alikuja. Jumapili zake zote alikuwa amehubiri kwamba laana ni ujinga, lakini alisimama nyuma kabisa, karibu na njia ya kukimbilia. Chemutai alikuwa katikati ya wasusi, kitambaa amekivuta mpaka kwenye nyusi.

Nikatazama juu. Wingu lilikuwa linakuja kutoka msituni, jeusi, likikimbia. Sisi wa nchi ya chai, mvua ya mchana tumeizoea kama chakula, na hakuna hata mmoja wetu wawili aliyeifikiria!

Kipkemoi aliinua nyundo. "Aliyewasha moto huu, mvua hizi asizimalize." Akagonga. Na tone la kwanza likaanguka juu ya fuawe.

Likalia, tsss. Likaja la pili, na la tatu. Nikafanya kitu pekee nilichoweza, nikaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya juu, nikiwa nimechanganyikiwa mpaka ubeti wa mwisho ukatangulia. Kina mama wakanifuata. Sauti ile tukaifunika. Lakini mvuke hatukuweza kuufunika. Ulipanda mweupe kutoka kwenye chuma, ukasimama kimo cha mtu, na watu wote wakaona.

Nilifikiri tumekwisha. Nikawatafuta watoto wangu kwa macho. Lakini hakuna aliyepiga kelele ya kutushtaki. Mzee mmoja alivua kofia. Njuguna alipiga ishara ya msalaba, na yeye si hata Mkatoliki. Kisha Kipruto akasema polepole, "Imekubali. Chuma baridi imetoa moshi." Umati ukatawanyika bila mtu kumsukuma mwenzake.

Jioni tulienda kwa Chemutai. Alikuwa amelala, ametazama ukuta. Kipkemoi akamweleza yote, mapanga, makaa, majivu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni ndugu yangu," akasema. "Lazima useme hivyo."

"Ilikuwa moto, Chemutai! Ndiyo maana ilitoa moshi."

"Niliona na macho yangu. Kila mtu aliona."

Nikamwonyesha kidole changu. Akakitazama kwa huruma, akaniambia nikipake asali, kwa sababu mtu anayepika kila siku haachi kuungua. Nikakasirika, nikamfokea, nikamwita mjinga. Akageukia ukuta tena.

Aliacha kula. Tulimpelekea maziwa ya kibuyu, uji, supu. Kule hospitali walimpima wakasema hawaoni ugonjwa. Kipkemoi akaamua kwamba siku ya soko inayofuata angesimama juu ya benchi la Njuguna aseme kila kitu, waje wachome wakitaka. Chemutai hakuisubiri. Alikufa asubuhi moja mvua ikinyesha, amekonda mpaka jeneza likabebwa kama tupu.

Kwenye mazishi Kipruto na Njuguna walishikana mikono juu ya kaburi. Bandari ikapata amani, na haijachomwa tena. Kwa kifo kile watu wakaona wamejua nani alichoma, na kwa nini amekufa. Kipkemoi alisimama pale akaanza kusema kwamba fuawe lilikuwa moto. Wazee wakamshika mabega kwa upole, wakamwambia pole, uchungu wa dada ni mkubwa. Hakuna aliyemwamini.

Siku hizi akianza kufua jembe, soko linanyamaza. Akina mama wanawavuta watoto wao. "Ni jembe tu," Kipkemoi huwaambia, naye ni yule yule anayekimbia mbwa.

Na mvua za mchana zikianza kugonga mabati, huacha nyundo na kuja jikoni. "Mama Nelvine, uliona ilikuwa moto?"

"Ilikuwa moto."

"Hakika?"

Namnyooshea kidole. Anakishika, anapapasa lile kovu kwa muda, kisha ananiuliza tena.