Nilivyomnunulia Mama Mkwe DVD Mara Mbili

Wakuu, natumai mko poa. Niko Nakuru, kazi yangu ni kushona viti za magari. Hii kitu ilinipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi. Kama utacheka, cheka tu. Mimi pia nimecheka, ingawa sio siku ile.

Mama mkwe wangu anaishi Dundori. Mzee wake alituacha mwaka juzi. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwao, na kitambo kwaya yao ilirekodi video ikawekwa kwa CD. Zile zingine zilipotea. Imebaki moja, mama anaiweka ndani ya Biblia.

Sasa mashine yake ya zamani ya DVD ikakufa. Fundi wa huko aliifungua, akatikisa kichwa, akairudishia na skrubu mbili zimebaki mkononi.

Mke wangu, Mama Shiru, akaniambia, "Mama hajamwona baba tangu hiyo mashine iharibike."

Nikajipiga kifua. DVD ni nini bana? Jumamosi nikaingia duka moja hapa town, nikaona moja nyembamba, nyeusi, inang'aa kama kiatu ya askari. Muuzaji akasema ni ya kisasa, iko na HDMI, picha ni safi.

Mimi sikuuliza swali hata moja.

Nikaipeleka Dundori mwenyewe, pamoja na mkate na majani chai. Mama akaipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, Baba Shiru. Mungu akubariki."

Mvua ilikuwa inakuja, na barabara ya kwao ikinyesha ni matope tupu. Nikaondoka bila kuiwasha.

Kwa miezi mitatu nikipiga simu nauliza, "Mama, DVD inaendelea aje?"

"Iko tu vizuri."

(Kwa wale hawajaoa: huku kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka inakuwa shida. Yeye hawezi kukwambia zawadi yako haifai, na wewe huwezi kuingia kwake uanze kuchokora nyuma ya TV.)

Siku moja Mama Shiru akaenda kusalimia. Akanipigia simu kutoka huko akiwa ananong'ona.

"Hiyo DVD yako iko juu ya kabati, imefunikwa na kitambaa cha kudarizi. Hata nailoni haijatolewa."

"Kwa nini?"

"TV ya mama ni ile ya zamani ya mgongo mkubwa. Iko na matundu matatu ya rangi. Yako iko na tundu moja ya hiyo HDMI, tena bapa. Itaingia wapi?"

Wakuu, nilisikia aibu mpaka sindano ikanidunga. Mama alikuwa anaonyesha kila mgeni hiyo mashine: "Hii nililetewa na mkwe wangu." Halafu anaifunika tena.

Nikamwambia Mama Shiru apige picha ya nyuma ya TV, na aombe ile CD aje nayo. Akaja nayo, na ujumbe juu: "Mama amesema ujaribu mwisho, sio mwanzo."

Sikuelewa, lakini safari hii nilikuwa nimeamua kusikiza.

Nikaenda kwa mama mmoja anauza na kutengeneza vitu za stima kwa kibanda. Nikamwambia nataka DVD. Hakunionyesha hata moja. Aliniuliza, "TV ni gani? CD ni ya kununua ama ya kuchoma kwa kompyuta? Na nani atakuwa anashika rimoti?"

Nikamwonyesha picha. Akapanguza CD na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, akatoa mashine tatu.

Ya kwanza ilianza vizuri sana. Mimi ningelipa hapo hapo. Lakini tulipopeleka mwisho, picha ikavunjika vipande vipande, ikakwama.

Ya pili ikasema hakuna CD.

Ya tatu ilikuwa nene na mbaya kwa macho. Lakini iko na yale matundu matatu, iko na pahali pa flashi, na rimoti yake iko na vidude vikubwa. Akaiweka. Ikaguna kidogo, ikasoma.

Sasa sikizeni. Hiyo video yote, mzee amepea kamera mgongo. Mwalimu wa kwaya si anaangalia waimbaji? Unaona koti na mikono tu. Lakini wimbo wa mwisho ukiisha, anageuka. Anatoa leso, anapanguza jasho, anacheka. Sekunde chache hivi, basi.

Nikasogea karibu na skrini.

"Ni babako?" mathe wa kibanda akaniuliza.

"Ni wa mke wangu."

"Chukua hii. Na hiyo CD imechoka, wacha nikuwekee kwa flashi pia."

Jumapili baada ya kanisa tukapanda Dundori. Nikauliza kwanza, "Mama, naweza kuangalia nyuma ya TV?"

Akacheka. "Angalia, Baba Shiru. Tumeheshimiana mpaka tukanyimana picha."

Nikaunganisha waya nyekundu, nyeupe, njano. Kwaya ikaanza. Mama akakaa mbele kabisa, mikono magotini. Nilidhani mzee akigeuka atalia. Wapi!

"Muone na hiyo tai! Nilimwambia asivae hiyo tai!"

Halafu akasema polepole, "Rudisha kidogo."

Tulirudisha mpaka chai ikapoa.

Nilichojifunza, wakuu: kitu kung'aa sio kazi. Jua TV iko na matundu gani. Beba ile CD yenyewe ijaribiwe, na isomwe yote. Angalia kama mwenye kutumia ataona vidude vya rimoti. Na usiondoke kwa mtu kabla uiwashe, hata kama mvua inakuja.

Juzi mama amenipigia mwenyewe: "Baba Shiru, hii rimoti inanisumbua, kuja uangalie." Nilienda mbio kama mtu ameitwa kazi.

Haya, nimemaliza. Wewe kwenu ni mashine gani inasoma CD zimechoka? Na nani mwingine hapa alipelekea wakwe zawadi ikafunikwa na kitambaa? Semeni ukweli, nisiwe peke yangu.