Kaburi Nililolitunga Kuzuia Gati la Mjane

Mimi ni mkosaji. Naanza na hilo usije ukanionea huruma mapema. Nilidanganya kijiji kizima, na uongo wenyewe niliusema kwa kumtumia mtoto wangu aliyekufa.

Jina langu silitaji. Kijiji kiko kando ya ziwa, huku Hanang, na wanaokijua watanitambua hata nikijificha vipi. Ni miaka ile mkoa wa Manyara ungali mpya, barua zetu wengine bado tunaandika Arusha. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mtu anajaribu lake. Mimi nilikuwa na kibanda cha chai na samaki wa kukaanga pale mitumbwi inapofikia. Wavuvi, abiria wa ng'ambo, wachuuzi wa kwenda mnadani Katesh, wote walipita mbele yangu.

Lakini masika pale ni mateso! Maji yanapanda yanameza nyasi zote. Mtu akishuka mtumbwini anazama kwenye tope hadi mapajani, na ndoo ya samaki iko kichwani.

Ndipo akaja mjane mmoja kutoka Daudi, mchuuzi wa samaki. Nitamwita Mama Rehema, ingawa si jina lake. Alikuwa mdogo kwangu, akiniita dada. Yeye akaja na wazo la gati la mbao, mbele kidogo ya kibanda changu, penye ardhi ngumu. Linawekwa masika, na kiangazi maji yakirudi linafunguliwa, mbao zinatunzwa. Mbao alikuwa nazo tayari. Alichokosa ni kibali, na wilayani walimwambia aanze na mkutano wa kijiji. Wananchi wakiridhia, basi arudi.

Mimi nikajiuliza swali moja tu: wakishukia kule, chai yangu atakunywa nani?

Siku ya mkutano alijieleza vizuri, mpaka wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?"

Nikasimama. Naapa sikuwa nimepanga neno lolote.

"Shikamooni wazee," nikasema. "Pale anapotaka kuweka gati, mimi nimezika mtoto wangu."

Jamani! Wazee wakavua kofia.

Sasa nikuambie ukweli. Mtoto nilimpoteza kweli, siku ile ile aliyozaliwa, kabla hatujahamia ziwani. Tulimzika Nangwa, shambani kwa baba yangu. Mume wangu ndiye aliyechimba. Na mume wangu alikuwepo mkutanoni, amekaa upande wa wanaume! Aliinamisha kichwa, watu wakadhani ni uchungu wa mtoto. Kumbe alikuwa anasubiri nikanushe.

Sikukanusha. Mwenyekiti akasema kaburi la mtoto haliwezi kukanyagwa na abiria, ombi limekataliwa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Nani atamhoji mama juu ya kaburi?

Nyumbani mume wangu hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Mimi ndiye niliyemlaza mtoto yule," alisema. "Leo wewe umemfukua."

"Nilikuwa natetea tonge letu, Baba."

"Hilo tonge kula wewe."

Kesho yake asubuhi nikasikia hodi. Mama Rehema, na kibuyu cha maziwa mkononi!

"Shikamoo dada. Pole sana. Ningejua, nisingeomba kabisa. Unisamehe."

Ananiomba mimi msamaha! Nikapokea maziwa yake. Nikasema marahaba, nikasema asante. Mdomo huu huu.

Haikuishia hapo. Kina mama wakaamua mahali pale pasibaki pori. Wakafyeka, wakapanga mawe. Mama Rehema akakata mbao zake, zile za gati, akazungushia uzio. Jumapili katekista akaja kuombea. Akanigeukia, akauliza kwa upole, "Mtoto aliitwa nani?"

Nikataja jina. Jina la kweli la mtoto wangu, alilopewa na baba yake, nikaliweka juu ya udongo mtupu. Mume wangu akageuka akaondoka. Wanawake walilia, na mimi nikalia. Mpaka leo sijui nilikuwa nalilia nini.

Masika ikaingia. Biashara yangu ilikuwa nzuri, sitaficha. Tope lile lile, watu wale wale, wanafika wanatetemeka, wanataka chai ya moto.

Siku moja nikasikia mayowe. Mama Rehema alikuwa ameteleza akishuka mtumbwini, na mti uliozama ndani ya tope ukamchoma mguu ukapenya. Wakambeba wakamlaza kwenye benchi langu. Damu! Samaki wake wametawanyika majini, na mimi nafunga kanga kwenye mguu wake huku nalia.

Akanitazama akasema, "Usilie, dada. Afadhali mguu wangu kuliko tungemkanyaga malaika wako."

Hapo nikashindwa. Nikapiga kelele mbele ya wateja wote: "Hakuna mtoto pale! Nilidanganya! Mwanangu yuko Nangwa!"

Mama Rehema akauliza polepole, "Sasa yule tuliyemwombea ni nani?"

Nikainama kukaza kanga mguuni.

Akawageukia waliombeba. "Nitoeni hapa," akasema. "Nilazeni hata nje."

Wakamtoa nje, mvua inanyesha.

Kaka zake walikuja wakamchukua kwenda Daudi. Mguu ulipona lakini anachechemea, na samaki hakurudi kuuza tena. Nilimfuata kuomba radhi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasema amenisamehe. Ila hakuniita dada tena. Aliniita "mama", kama mgeni.

Kijiji kilitoa kibali baadaye, vijana wakaweka gati lao, na kila masika lipo. Kibanda nilikifunga mwenyewe. Mume wangu hajaniacha, tunalima pamoja, tunakula pamoja. Lakini jina la mtoto wetu hajalitamka mbele yangu tena.

Mwaka juzi mama yangu mzazi alifariki Nangwa. Nikiwa huko msibani, nikamtuma mdogo wangu kijijini kwetu ziwani akawape majirani habari. Alirudi akiwa na uso mzito. Nikamuuliza, wamesemaje?

"Watakuja, dada," akasema. "Ila walinishika mkono kwanza, wakaniuliza: ni kweli amekufa?"

Ndugu msomaji, kama una wivu na riziki ya mwenzako, basi mwonee wivu wazi wazi, msemane, mgombane, yaishe. Lakini marehemu wako usimfanye shahidi! Atakusaidia siku moja tu, na siku utakapomlilia kwa kweli, watu watataka uthibitishe.